Hukumu Huanza Kwenye Orodha ya Majina

Juni 1923, huko Molo katika Bonde la Ufa la Kenya, kijana mmoja aitwaye Kitosh alitumwa na mwajiri wake kumrudisha farasi kutoka stesheni ya reli. Mwajiri huyo alikuwa mlowezi, jina lake Jasper Abraham. Farasi alikuwa jike, na amri ilikuwa moja: amkokote, asimpande. Kitosh alimpanda. Haikupita wiki, aliyemwona njiani akapeleka maneno. Jumapili mchana Kitosh akachapwa, kisha akafungwa kamba na kuachwa stoo. Usiku uleule akafa.

Mahakama Kuu ilikaa Nakuru kuisikiliza kesi hiyo, kuanzia tarehe 1 Agosti. Kwa sheria ya Kenya ya wakati ule, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani baraza la raia wa kawaida ambalo ndilo lenye kauli ya mwisho kama mtu ana hatia au hana. Juri hiyo ilikuwa ya Wazungu watupu. Mwafrika au Mhindi akishtakiwa kwa kosa lilelile, hakuwa na juri. Jaji alikaa na wazee wa baraza, akawasikiliza, kisha akaamua kadiri alivyoona mwenyewe.

Kwamba Kitosh alichapwa halikuwa jambo la kubishaniwa. Ubishi ulikuwa juu ya kilichomuua. Daktari wa serikali alisema ni majeraha. Madaktari wa upande wa utetezi wakaleta hoja nyingine: kijana alikata tamaa ya kuishi, akataka kufa, na huko kutaka kwake ndiko kulikomuua. Mtu kachapwa, kafungwa kamba, kalazwa stoo, halafu mauti yake yanahesabiwa kuwa uamuzi wake mwenyewe. Juri ikaingia kujadiliana, ikatoka na jibu: si mauaji, ni kujeruhi vibaya. Abraham akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba watu wale walikuwa mashetani. Huenda wengi wao walikuwa wazazi wema na majirani wema. Lakini walikuwa ni jamii ya wenye mashamba na waliowategemea wenye mashamba, watu wenye watumishi nyumbani na vibarua shambani. Kila mmoja aliweza kujiona amesimama pale kizimbani kesho. Hapakuwa na hata mmoja mezani pale ambaye angeweza kujiona amefungwa kamba ndani ya ile stoo. Hapo ndipo hukumu ilipoamuliwa, kabla shahidi wa kwanza hajala kiapo.

Walirekebisha kila kitu isipokuwa orodha

Habari zilipofika London, maofisa wa Wizara ya Makoloni walikasirika. Tazama walichokirekebisha. Walisema ubovu uko kwenye Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo Waingereza walikuwa wameileta kutumika huku kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa iliacha mwanya mpana kati ya kuua na kujeruhi. Kanuni hiyo ikaondolewa, na mwaka 1930 zikaja Kanuni mpya za Adhabu, Kenya na Tanganyika pia. Kanuni ya Adhabu tuliyonayo leo Tanzania, Sura ya 16, chimbuko lake ni hiyo ya 1930.

Utaratibu wa nani anafaa kukaa kwenye juri haukuguswa. Walibadilisha maneno ya kosa, wakawaacha walewale waendelee kuamua nani kalitenda.

Wala hawakukosa dalili za mapema. Mwaka 1911 mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere, alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo wake, na mtu yule akafa. Cole hakukana kwamba alipiga. Juri ya Wazungu ikamwachia. Serikali ya kikoloni ilipoona aibu imezidi, ikamfukuza nchini kwa amri, maana mahakamani mlango ulikuwa umeshafungwa.

Upande wa pili nao usemwe. Oktoba 1959, Nairobi, Mwingereza Peter Poole alimuua kwa risasi Kamawe Musunge, mfanyakazi wa nyumbani, kwa sababu alikuwa amewarushia mawe mbwa wake. Juri ya Wazungu watupu ikamtia hatiani, na tarehe 18 Agosti 1960 akanyongwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kila juri ya rangi moja lazima ipotoke. Kilicho kweli ni kwamba kati ya Kitosh na Musunge, ndugu wa marehemu walikuwa wanategemea bahati tu. Siku hii wajumbe wamekaa na moyo safi, siku ile hawakukaa nao. Mahakama haijengwi ili watu wabahatishe.

Kutoka kwetu Musoma, mkoani Mara, hadi Molo ni safari ya siku moja kwa gari: unavuka mpaka Sirari, unapita Kisii na Kericho, unafika. Kisa hiki si cha mbali kwa njia wala kwa mambo yenyewe. Ila kabla ya kurudi nyumbani tupite kwanza Marekani, kwa sababu wale walijaribu kulirekebisha hasa hilo ambalo Waingereza waliliruka, na walichojifunza kitatufaa.

Sheria ilikuwepo, na sababu zilikuwepo

Mwaka 1875 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa kumwengua mtu kwenye juri kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1880 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta sheria ya jimbo la West Virginia iliyosema juri ni ya wanaume weupe pekee. Kwa maandishi, jambo lilikwisha.

Chumbani mwa mahakama lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Kule, kabla ya kesi kusikilizwa, wanaitwa raia wengi, wanahojiwa, na kila upande unapewa nafasi kadhaa za kumkataa mtu bila kueleza kwa nini. Mwendesha mashtaka akitaka juri nyeupe hana haja ya sheria ya West Virginia. Anatumia nafasi zake kuwakataa weusi mmoja baada ya mwingine, na hakuna wa kumuuliza. Ilichukua mpaka mwaka 1986, katika shauri la Batson dhidi ya jimbo la Kentucky, Mahakama ya Juu kusema sasa basi. Batson alikuwa mtu mweusi aliyeshtakiwa kwa wizi wa kuvunja nyumba, na weusi wote wanne waliobaki kwenye orodha waliondolewa na mwendesha mashtaka. Mahakama ikaweka utaratibu: mshtakiwa akionyesha kuwa kuna harufu ya ubaguzi, upande wa pili utoe sababu isiyohusu rangi, kisha jaji aipime kama ni ya kweli.

Utaratibu mzuri. Ila uliwafundisha watu kitu kimoja: kuja mahakamani na sababu mfukoni.

Mwaka uliofuata, 1987, jimboni Georgia, kijana mweusi Timothy Foster alihukumiwa kifo na juri ya weupe watupu. Waendesha mashtaka waliwaondoa weusi wote wanne waliobaki, na kwa kila mmoja walitoa sababu ndefu. Mahakama zikazipokea. Miaka karibu 20 ikapita. Mwaka 2006 mawakili wake wakaomba jalada la waendesha mashtaka kwa kutumia sheria ya jimbo inayompa raia haki ya kuona kumbukumbu za serikali. Walipolifungua wakakuta majina ya weusi kwenye orodha yamepakwa rangi ya kijani, na kando yake herufi B. Pembeni ya ukurasa mmoja maelezo yanasema rangi hiyo inawakilisha weusi. Kulikuwa na karatasi nyingine yenye majina sita ya watu wasiotakiwa kabisa. Watano wa kwanza walikuwa weusi.

Sababu moja waliyoitoa mahakamani kumwondoa mama mmoja ilikuwa kwamba umri wake unakaribiana na wa mshtakiwa. Mama alikuwa na miaka 34. Mshtakiwa alikuwa na miaka 19. Na weupe waliokuwa vijana kuliko mama huyo walikubaliwa bila neno, mmoja wao akiwa na miaka 21. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikasema, kwa majaji 7 dhidi ya 1, kwamba sababu zile zilikuwa vazi la ubaguzi.

Yupo na Curtis Flowers wa Mississippi. Alishtakiwa mara sita kwa mauaji yaleyale ya watu wanne kwenye duka la samani mwaka 1996, na mara zote sita mwendesha mashtaka alikuwa yuleyule. Katika kesi zote hizo, kati ya weusi 42 ambao angeweza kuwaondoa, aliwaondoa 41. Kesi ya sita, weusi watano aliowaondoa aliwauliza maswali 145 kwa jumla yao. Weupe 11 waliopata kukaa kwenye juri aliwauliza maswali 12. Ukimchimba mtu maswali 30 na mwenzake swali moja, ni lazima kwa yule wa kwanza utapata cha kushika. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu, na mwaka 2020 mashtaka yakaondolewa. Flowers alikuwa amekaa mahabusu na gerezani zaidi ya miaka 20. Familia za wale wanne waliouawa nazo zimebaki bila jibu la nani aliyewaulia watu wao. Aliyeipanga juri ili asishindwe ndiye aliyehakikisha kwamba ushindi wake hautasimama.

Msomaji aliye mwepesi wa kumhurumia mshtakiwa akumbuke pia hili. Mwaka 1992 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba na mshtakiwa naye amefungwa na kanuni ileile. Kesi ilikuwa ya weupe wa Georgia walioshtakiwa kuwapiga watu weusi wawili, mke na mume, nao walitaka kuwaondoa weusi kwenye juri yao. Wakaambiwa haki ya kukataa wajumbe si leseni ya kubagua, awe anayekataa ni serikali au ni mtu aliye kizimbani.

Wapo waliochoka na mchezo wa sababu. Uingereza ilifuta nafasi za mshtakiwa kukataa bila sababu mwaka 1988. Jimbo la Washington mwaka 2018 liliweka kanuni inayozitilia shaka tangu mwanzo baadhi ya sababu zilizozoeleka, kama vile mtu kuishi mtaa wenye uhalifu au kutowaamini polisi. Arizona tangu mwaka 2022 haina kabisa ukataaji wa bila sababu.

Kwetu mlango huo upo, ila ni mwembamba

Sisi hatuna juri. Tunao wazee wa baraza. Kwa miaka mingi Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilimtaka jaji wa Mahakama Kuu asikilize kesi kama ya mauaji akiwa na wazee wasiopungua wawili. Mwisho wa ushahidi jaji anawafupishia shauri, kila mzee anatoa maoni yake, na jaji hafungwi nayo. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 si lazima tena kukaa nao. Jaji anaweza kuwaita au kusikiliza peke yake.

Pale wanapokaa, kuna dakika moja mwanzoni mwa kesi ambayo wengi huipita kama salamu. Jaji anawaonyesha wazee walioketi, anawataja kwa majina, kisha anamgeukia mshtakiwa: hawa ndio watakaokaa nami kulisikiliza shauri lako, je, una pingamizi na yeyote kati yao? Karani kashika kalamu. Mshtakiwa, aliyetoka rumande asubuhi ile na kichwa chake kimejaa kesi yenyewe, anasema, "Sina pingamizi, Mheshimiwa Jaji." Jibu linaandikwa, kesi inaendelea. Hicho ndicho kitu pekee katika sheria yetu kinachofanana na ule ubishi wote wa Marekani, na kinakwisha kabla wakili hajakaa vizuri kwenye kiti.

Mahakama ya Rufani ililitazama jambo hili katika shauri la Tongeni Naata, lililoripotiwa mwaka 1991. Ilisema hakuna kifungu cha sheria kinachoamuru mshtakiwa aulizwe swali lile, lakini ni desturi njema, na idumishwe ili mshtakiwa apate kusikilizwa kwa haki. Mashauri yaliyofuata yakaipanga kuwa hatua ya kwanza ya kesi yenye wazee wa baraza. Katika mashauri mengine mahakama hiyo ikafuta kesi nzima kwa sababu wazee walimuuliza shahidi maswali ya dodoso, kana kwamba wao ni mawakili wa upande mmoja. Kazi ya mzee ni kuuliza apate kuelewa. Akianza kumbana shahidi, keshachagua upande.

Juu ya hayo yote ipo Katiba. Ibara ya 13 inakataza mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka chini ya sheria, na katika mambo inayoyataja yamo utaifa wa mtu, kabila, mahali alipotokea, maoni yake ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali yake ya maisha. Wana Mara tuna sababu ya pekee ya kulishika neno hili. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, mtoto wa Butiama alisimama bungeni wakati baadhi ya wajumbe wakitaka uraia wa nchi mpya uende kwa rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, na akasema yuko tayari kuondoka madarakani kuliko kuikubali hoja hiyo. Aliona kwamba nchi ikishaanza kuchuja watu kwa ngozi haitaishia kwenye ngozi.

Na kweli, huku Musoma, Bunda na Butiama mtu mara chache atachujwa kwa ngozi. Atachujwa kwa ukoo. Mkoa wetu una Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wangoreme, Wajaluo, Wasukuma na wengine wengi, na ndani ya kila kabila zimo koo, na ndani ya ukoo imo milango. Kabla mtu hajaulizwa anajua nini, anaulizwa ni wa wapi.

Mfano wa shamba la pamba

Mfano huu nimeutunga; asitafutwe mtu ndani yake. Mwaka uwe wowote kabla ya 2021, wakati Baraza la Kata bado lina mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Mahali ni kata moja ya Bunda. Bwana mmoja mwenye shamba la pamba anagombea mpaka na mama mjane aliyeolewa pale akitokea kabila jingine.

Bwana huyu ana haki. Hilo lieleweke tangu mwanzo. Mpaka uliwekwa na baba zao, mkonge ukapandwa, na mzee aliyeupanda yu hai, yuko Kiabakari kwa mwanawe. Angemleta mzee yule asimame shambani aonyeshe kwa mkono, shauri lingekwisha kabla ya jua kuwa kali.

Badala yake akaenda jioni kwa mjomba wake, mjumbe wa baraza.

"Mjomba, nimfuate yule mzee Kiabakari?"

"Wa nini? Nauli ya bure hiyo. Pale mezani tuko mimi, mke wa shemeji yako na yule binamu yetu. Wewe lala."

Siku ya shauri, mama akainuka. "Wazee wangu, shikamooni. Nina ombi moja. Yule mzee pale ni mjomba wa huyu bwana. Naomba asikae."

Katibu akaandika. Mwenyekiti akacheka kidogo. "Mama, hapa kijijini sote ni ndugu. Tukianza kutoana, atabaki nani?"

Baraza likampa bwana ushindi. Akang'oa mihogo ya mama, akalima, akafyatua tofali, akajenga. Mama akakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akashindwa. Akapanda Mahakama Kuu. Huko jaji akafungua mwenendo, akakuta kwa mwandiko wa katibu mwenyewe: mdaiwa kampinga mjumbe kwa undugu. Mstari unaofuata unaanza na ushahidi. Hakuna mahali panaposema pingamizi lilijibiwa vipi. Jaji akafuta mwenendo wote, wa chini na wa kati, kila mtu arudi alipoanzia. Anayetaka akafungue shauri upya.

Kufikia hapo Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua, tangu mwaka 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha. Bwana akaanza upya kwa mawakili na nauli. Sasa akamkumbuka mzee wa Kiabakari. Mzee alikuwa ameshazikwa. Mkonge ulikwishang'olewa, na aliyeung'oa ni bwana mwenyewe alipokuwa akipanua shamba baada ya ushindi wake. Alikuwa na haki, akaona haitoshi, akaiongezea mjomba. Mjomba akaifuta haki.

Mama naye amepoteza miaka na mihogo. Lakini mama hajawahi kuwa na uwezo wa kuchagua nani akae mezani. Aliyekuwa nao ni bwana, na ndiye ninayemfundishia.

Tushike lipi

La kwanza ni kwa anayeandika majina. Iwe ni wazee wa baraza, wasuluhishi wa kata, kamati ya ardhi ya kijiji au kikao cha ukoo cha kugawa mirathi, orodha iandikwe kabla kesi haijajulikana ni ya nani. Orodha inayoandikwa baada ya majina ya wadaawa kujulikana inaandikwa na wadaawa. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ilitaka Baraza la Kata lenye wajumbe wanne hadi wanane liwe na wanawake watatu. Waliotunga kifungu hicho walijua kwamba ukiuacha uteuzi kwa mazoea, mazoea yatawateua wanaume.

La pili ni kwa anayepewa nafasi ya kupinga. Itumie, na itumie mapema, kabla ya shahidi wa kwanza. Mtazame kila aliyeketi usoni. Pinga undugu, ukwe, deni, ugomvi wa zamani, masilahi katika mali inayogombewa, au mtu aliyekwisha kutangaza kilabuni kwamba wewe una makosa. Sema sababu yako wazi na hakikisha imeandikwa pamoja na jibu lake. Lakini usipinge kabila la mtu, wala dini yake, wala kwamba ni mwanamke. Ukisema simtaki kwa kuwa ni Mjita, au simtaki kwa kuwa ni Mkurya, umesimama pamoja na wale wa Georgia.

La tatu ni kwa anayeulizwa kwa nini fulani kaachwa. Kila mbaguzi wa leo ana sababu, na sababu hizo zina heshima zake: hana elimu ya kutosha, anakaa mbali, ni mgeni, bado kijana, ana maneno mengi. Dawa yake Wamarekani waliipata kwa gharama kubwa, nasi tunaweza kuipata bure. Ichukue sababu uliyopewa, uipime kwa wale waliokubaliwa. Kama huyu kaachwa kwa kukaa mbali, je, waliokubaliwa wanakaa karibu? Kama kaachwa kwa ujana, aliyekaa kiti cha pembeni ana miaka mingapi? Sababu ya kweli hushika kila mtu. Ya uongo hushika wa upande mmoja.

La nne ni kwa mjumbe mwenyewe. Ukijua una undugu na mmoja wao, ondoka kabla hujaambiwa, hata kama moyoni unajiamini kwamba utatenda haki. Mjomba wa mfano wetu huenda aliamini kwa dhati kwamba mpwa wake ana haki, na ilikuwa hivyo. Kukaa kwake ndiko kulikoiharibu.

Wapo watakaosema kwamba wazee wa baraza wakipungua mahakamani, jambo hili nalo limepungua. Halikupungua, limehama tu. Sasa liko kwenye usuluhishi wa kata, kwenye serikali za vijiji, kwenye kamati za shule zinazoamua mtoto gani afukuzwe, kwenye vikao vya mirathi chini ya mwembe. Huko hakuna jaji wa kuuliza kama una pingamizi. Itabidi swali hilo aliulize mwenyekiti, na asipouliza, aliulize yeyote aliyeketi: tulioko hapa tumepatikanaje, na nani hayupo ambaye angepaswa kuwepo? Likiulizwa kabla ya ushahidi linagharimu dakika tano na uso wa mtu mmoja kununa. Likisubiri rufaa, linagharimu kesi nzima.